Springi ya Swichi ya Lori la Kijiji

Harufu ya waya ulioungua hunichosha hadi leo. Nikipita karibu na fundi wa magari, hunirudisha kwenye msimu mmoja wa pamba kule Buswahili, nilipokuwa msichana wa kutosha kubeba mtoto mgongoni. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na lori moja na dereva mmoja, naye alikuwa baba yangu. Lori lilinuka petroli, vumbi na magunia. Baba alipokuwa akisubiri wapakiaji wa pamba alinikalisha kwenye usukani akanieleza mambo ya swichi. Ndani mna vipande vya shaba, alisema. Ukizungusha ufunguo kidogo, shaba inagusana na umeme unakwenda kwenye plagi. Ukizidisha, umeme unafika kwenye stata, nayo inaizungusha injini mpaka iwake. Hapo unauachia, springi inaurudisha ufunguo nyuma, stata inapumzika. Springi ya lori letu ilikuwa imekatika. Baba aliurudisha ufunguo kwa kidole kila alipowasha, huku tukisubiri swichi mpya kutoka mjini, ambayo haikuja.

Siku mama aliposhikwa na uchungu, mkunga wetu alihangaika naye tangu alfajiri, kisha akasema apelekwe hospitali ya Musoma. Tulimlaza nyuma ya lori juu ya magunia ya pamba, mimi nikakaa kichwani pake. Mama alipiga ukelele, baba akawasha na kuondoka akiwa anatazama nyuma. Alisahau kuurudisha ufunguo nyuma kwa kidole. Tulisikia chuma kikisaga chuma, halafu ile harufu. Alipokumbuka, stata ilikuwa imekwisha kuungua. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia mtu awe na subira saa ile? Injini ilikuwa inanguruma. Tukaenda hivyo hivyo, tukijua kwamba ikizimika, haitawaka tena ila kwa kusukumwa.

Katikati ya safari mama alinituma nigonge bodi. Baba akasimamisha lori, akaja nyuma.

“Baba Nyangeta, izime kidogo. Mtikisiko huu unanimaliza.”

“Nikiizima haiwaki, mama Nyangeta. Na hapa ni tambarare.”

“Basi isiwake. Nipumzike.”

Baba alisimama akitazama barabara iendayo Musoma. Kisha akarudi mbele, akaizima. Ukimya uliingia mpaka nikasikia ndege kwenye majani ya pamba. Mama alifumbua ngumi yake. Baba alipokwenda kutafuta watu mashambani, mama aliniambia kwamba mtama aliouanika uani uanuliwe kabla ya mvua, na kwamba kuku wasiachwe waumalize. Alisema kwa sauti yake ya kila siku.

Baba alirudi na wachumaji wa pamba. Mama mmoja alikuwa akimtania: “Shemeji, tunalimaga pamoja, tunakulaga kila mtu kwake, na sasa tunasukuma pamoja. Ujamaa gani huu?” Wenzake walicheka. Alipochungulia nyuma ya lori akamwona mama yangu, alivua khanga yake ya juu akamfunika. Walisukuma, wakapumzika, wakasukuma tena, mpaka injini ikakohoa na kushika. Mama alifariki kabla hatujaliona ziwa. Mtoto aliondoka naye.

Baada ya matanga baba aliniuliza mama alisema nini yeye alipokwenda kutafuta watu. Nilimwambia habari za mtama. Aliendelea kunitazama, akingoja neno linalomhusu yeye. Halikuwapo, nami sikuweza kulitunga. “Basi alipata nafuu kidogo,” akasema, akaenda kuosha lori.

Maji yakimwagika hayazoleki, ila watu wa ukoo huniuliza mpaka leo kama baba alikosea kuizima. Sijui. Mimi mwenyewe nilitaka azime. Gari la mwanangu sasa huwashwa kwa kubonyeza kitufe, naye huizima injini hata akinunua nyanya tu. Lakini si gari lililonionyesha umbali tuliotoka. Mwaka aliozaliwa mjukuu wangu, mama yake alitembea asubuhi hadi zahanati ya kijiji, ambayo enzi za mama haikuwapo, na kesho yake akarudi kwa miguu, mtoto kifuani, akaomba uji. Niliukoroga uji ule nikiwa nimechoka mwili mzima. Miaka yote nilikuwa nikiililia springi. Kumbe mama yangu hakupaswa kupanda lori.