Mtumbwi Aliouzamisha Mama Mkwe

Iko siku moja naikumbuka kila upepo unapotikisa bati za nyumba hii ya Bariadi. Nilikuwa mke mgeni kule Nassa, kando ya ziwa, miaka ile biashara ilipofunguliwa na malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kufuata sangara hadi mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa. Kila kijana alitaka mtumbwi. Sisi tulikuwa nao mmoja, wa tanga, aliouacha marehemu baba mkwe. Pamba ilikuwa imekauka shambani mwaka huo, kwa hiyo, mwanangu, mtumbwi ule ndio uliokuwa ukitulisha.

Siku hiyo joto lilibana tangu asubuhi, na upande wa ziwani wingu likasimama jeusi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini lile lilikuwa na jambo zaidi ya mvua. Wanaume wakaanza kuvuta mitumbwi yao nchi kavu na kuifunga kwenye miti. Mume wangu, Masanja, naye akashika kamba. Mama yake, Mayu Kabula, akamwambia aiachie.

Akatushushisha tanga na mlingoti, tukavipeleka nyumbani pamoja na makasia. Kisha akatoa magunia tuliyoyaweka kwa ajili ya pamba, akatuamuru tuyajaze mchanga. Mchanga, si mawe. Mawe hugonga mbao. Tukausukuma mtumbwi hadi penye matete, maji ya kifuani, tukaupakia magunia, na yeye mwenyewe akawa anachota maji kwa kata na kuyamwaga ndani. Ukazama taratibu huku tukiutazama. Mwaloni watu walicheka, wakasema mjane amechanganyikiwa.

Masanja alikuwa karibu kulia. "Mayu, huu si ndio mtumbwi wa baba? Unauzamisha?"

"Ninachokizamisha mimi, najua kilipo," akamjibu. "Upepo ukikizamisha, utakwenda kumuuliza nani?"

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Nilimpenda mwanamke yule kuanzia hapo, nakwambia kweli, maana mimi ningekuwa nimeshapiga yowe.

Upepo ulifika mchana. Ulipeperusha bati, ukang'oa miti pamoja na mitumbwi iliyofungwa hapo, ukaipondaponda kwenye majabali. Ulipotulia tukaingia majini kwenye matete, tukatoa magunia moja moja. Mtumbwi ukainuka. Ubao mmoja tu ulikuwa umeachia kidogo, tukaziba ufa kwa pamba.

Nilidhani sasa atajivuna, na nani angemlaumu? Badala yake akawaita wale waliomcheka, akawapangia zamu za kuvua kwa mtumbwi wetu mpaka wapate mbao za kuunda mitumbwi mipya. Masanja alinung'unika. Mama yake alimtazama tu, na manung'uniko yakaisha.

Mwanangu, heri nusu shari kuliko shari kamili. Ukiona dhoruba inakuja, usione haya kushusha tanga mbele ya watu. Kubali hasara ndogo mapema, kwa mkono wako mwenyewe, na waache wacheke. Vicheko havijai tumboni. Na ukishaokoka, usikikalie ulichookoa, kwa kuwa nyumba ya jirani haina cha kupika. Mungu akupe jicho la kuliona wingu likiwa bado mbali, na akupe moyo wa Mayu Kabula, wa kuwapakia mtumbwini mwako waliokucheka.