Kiganja Badala ya Sahani

Mjukuu wangu alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na shuleni hapa Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, alibaki darasa la kwanza hadi wenzake wakamwacha. Herufi hazikumkaa kichwani. Kazi moja tu aliishika kabisa: kuchagua mchele. Ukimwekea ungo mapajani, alitoa jiwe moja moja, akalitupa katika sahani ya bati, akasikiliza mlio wake, kisha akatafuta jingine. Alipokuwa na ungo hakuwa na habari na dunia.

Vita vilipofika Kindu, mama yake, binti yangu wa pekee, alienda shamba la mpunga upande wa Kibombo, hakurudi. Waliokimbia naye walisema walimwona akianguka. Nilimweleza mtoto kama nilivyofundishwa mimi, kwamba sote ni wa Mungu na kwake tunarejea. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza kama tumwekee mama chakula.

Watoto wa jirani wakapata mchezo, wakamwita Zoba, yaani mjinga.

“Zoba, mama yako iko wapi?”

“Alienda ku shamba.”

“Atakuletea nini?”

“Muchele.”

Walicheka hadi wakakaa chini. Naye, kwa kuwaona wakicheka, alicheka nao. Lakini walipotawanyika alisimama njiani akaanza kuita, “Mama, mama,” kwa sauti iliyofika mbali, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Sauti hiyo niliiogopa kuliko bunduki. Siku askari walipoingia nyumba kwa nyumba, tulikimbilia kichaka nyuma ya mashamba ya mihogo. Jirani yetu mmoja, mzee, alinisimamisha njiani.

“Mama, tunakuheshimu. Lakini huyu mutoto akiita, tutakufa wote.”

“Huyu njo damu yangu, baba. Nimuache kwa nani?”

“Basi muje. Akianza tu, mutatoka.”

Nilikubali. Ningefanya nini?

Nilikuwa nimebeba mchele kidogo na ungo. Sahani niliiacha nyumbani kwa sababu ya mlio wake. Nilimkalisha mtoto katikati ya miguu yangu, nikampa ungo. Akatoa jiwe la kwanza, akatafuta sahani. Hakuiona. Akanitazama, mdomo ukaanza kufunguka, na wakati huohuo tukasikia viatu vizito njiani na watu wakisemezana kwa lugha tusiyoijua.

Nikaweka kiganja changu mahali pa sahani. Alikitazama. Akaweka jiwe, kisha akainamisha sikio, akingoja. Nikapiga ulimi kwenye meno karibu na sikio lake, polepole kabisa: ti. Akaridhika, akatafuta jingine.

Nyuma yetu walikuwa watoto wale waliomcheka, kila mmoja amezibwa mdomo na mama yake. Wangu peke yake hakuzibwa. Mawe yalipokaribia kwisha, viatu vilikuwa bado palepale, nami nikayarudisha chini ya mchele kwa mkono mwingine bila yeye kuona. Nilikuwa nasoma dua moyoni, nayo ilikatika kila nilipopaswa kusema ti. Nikaianza upya, ikakatika tena. Naamini Mungu aliipokea hivyo ilivyokuwa, vipande vipande, maana viatu viliondoka.

Leo mji wetu umetulia, alhamdulillahi, na mjukuu wangu ni mwanamke mzima. Majirani wakiwa na harusi humletea mchele awachagulie. Watoto waliozaliwa baadaye wanamwuliza mama yake yuko wapi, naye anajibu vilevile. Ngurumo ikipiga kama bunduki za siku zile, huja na ungo wake, huketi miguuni pangu, hunifungua vidole mwenyewe. Nashukuru kwa hilo. Lakini meno yameniisha, na ulimi hautoi tena sauti ile sawasawa. Yeye huinua kichwa, hunitazama.

Juzi wingu jeusi lilipotanda na mjukuu wangu akaketi na ungo wake, nilimwita msichana wa jirani, yule anayemcheka kuliko wote.

“Kaa hapa. Fungua mukono.”

“Nifanye nini, koko?” aliuliza, kama watoto wa hapa wanavyowaita bibi.

“Akiweka jiwe, sema ti.”

“Njo hivyo tu?”

“Njo hivyo tu.”

Jiwe likawekwa. Msichana akasema ti, vizuri kabisa, kwa meno yake mapya. Mvua ikaanza kupiga mabati. Mjukuu wangu akalichukua jiwe lile kutoka kiganjani mwa msichana, akaliweka katika changu, akainamisha sikio, akangoja.