Mzee wa Abhenri na Hesabu ya Kurudi

Habari zilinikuta nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga, tunarudi mjini. Mama mmoja muuza vitumbua, ambaye tumezoeana kwa kuvuka pamoja, alinisogelea akaniambia kwa kifupi tu, "Yule mzee wenu wa abhenri katutoka." Nilishika bomba la pembeni. Nilisikitika, ndiyo, lakini nikiri kwamba kilichonijia kwanza kifuani hakikuwa huzuni bali hofu, na tangu siku hiyo haijanitoka. Ndugu msomaji, leo naandika nikiwa na hofu hiyo, unisamehe nikirukaruka.

Marehemu alikuwa mwalimu wa fizikia. Alipostaafu, mwanafunzi wake wa zamani, Mhindi mzaliwa wa hapa hapa Mwanza mwenye duka la vipuri vya umeme, alimwekea meza karibu na mlango. Kazi yake ilikuwa kugeuza vipimo. Boti zetu na jineri, vile viwanda vya kuchambua pamba, bado zina mitambo ya zamani, na vitabu vyake vinapima koili kwa abhenri, wakati vipuri vinavyomiminika sasa kutoka Dubai vimeandikwa kwa henri na visehemu vyake. Koili, alipenda kueleza, ni waya uliosokotwa tu, ila una ukaidi: umeme ukibadilika, wenyewe unapinga. Ukaidi huo ndio unaopimwa. Abhenri elfu moja ni mikrohenri moja, abhenri milioni moja ni milihenri moja. Kulikuwa na kipimo kingine cha kizamani, stathenri, ambacho kimoja tu ni kama henri bilioni mia tisa. "Hicho msikiguse," alikuwa akisema. "Ukikichanganya na abhenri umepotea kuliko anayevuka ziwa kwa beseni."

Sasa nieleze siku niliyomfahamu vizuri. Mke wangu ni muuguzi katika zahanati moja kisiwani Ukerewe, na huvuka kwa boti ya mtu binafsi. Jumamosi moja redio ya mawasiliano ya boti hiyo iliungua koili. Nahodha alikwenda dukani na kitabu chake kilichotaka abhenri elfu arobaini. Watu walikuwa wengi, mwenye duka akiita, "Mwalimu, mteja anangoja bwana!" Mwalimu akagawanya, akasema milihenri arobaini, nahodha akachukua koili akaenda zake.

Kesho yake, nikitoka kanisani, nilimkuta Mwalimu amesimama uani kwangu Pasiansi, kofia mkononi, jasho linamtoka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nahodha aliniambia mkeo ni abiria wake. Mama yupo?"

Nikamwambia ameshaondoka alfajiri. Boti ilikuwa iondoke Jumatatu, lakini mwenye boti mwingine alikuwa ameanzisha safari, na wa kwetu akaamua kumuwahi abiria. Mwalimu akakaa chini pale pale kwenye kizingiti. "Nimerudisha hesabu," alisema. "Nimeichukua ile milihenri arobaini nikairudisha kwenye abhenri, nikapata milioni arobaini. Tulitaka elfu arobaini. Ilikuwa mikro, mwanangu. Nimewapa koili kubwa mara elfu. Ile redio haitasikia wala haitasikika."

Tulikwenda kwa mwenye boti, ambaye ana redio nyingine ofisini kwake. Akaita, akaita tena. Ilijibu mikwaruzo. Nje upepo ulikuwa umeanza kuvuruga maji, na kila mtu mle ofisini alijifanya haoni dirisha. Mwalimu hakujitetea hata kidogo, wala hakuwalaumu wateja kwa kumharakisha. Alikuwa akirudia tu kwa sauti ya chini, elfu, mikro, elfu, mikro. Nilimkasirikia, halafu nikamhurumia, halafu nikamkasirikia tena. Nilikuwa na mke ziwani na hakuna aliyeweza kuniambia yuko wapi.

Jumatatu mchana boti ilirudi, mimi na Mwalimu tukiwa mlangoni pa ofisi ile ile. Nahodha akashuka anacheka. "Mama tulimshusha salama. Mawimbi yalitupiga kidogo, ila redio na koili yenu hiyo mpya ni bubu kabisa!" Mwalimu aligeuka akatazama ukutani, akalia. Tangu siku ile hakumpa mtu koili kabla ya kwenda na kurudi: alipeleka namba kwenye kipimo kipya, kisha akairudisha kwenye cha zamani kuona kama inafika ilikotoka. Wateja walinung'unika. Wengine walihamia maduka ambako hawacheleweshwi. Yeye aliwajibu kwamba kivuko kinachojua kwenda tu si kivuko.

Wasiwasi ndio akili, husema watu wetu, kwa kawaida wakitaniana. Mimi sicheki tena. Tazama jinsi tunavyogeuzwa miaka hii ya soko huria. Mfanyakazi wa kiwanda amegeuzwa mchuuzi, kiwanda kimegeuzwa ghala. Sangara wa ziwa letu anakatwa minofu inayopanda ndege, sisi tunauziwa mapanki, kichwa na mifupa, tunaambiwa hayo ndiyo maendeleo. Sisemi tulikotoka kulikuwa peponi. Sabuni tuliipangia foleni na sukari tukaisahau ladha. Ninachouliza ni kama kuna aliyekaa chini akairudisha hesabu, akaona kama mtu aliyeingia upande huu bado anatoka mtu upande ule. Naogopa kwamba wote tuna haraka ya kumuwahi abiria.

Baada ya mazishi nilipita dukani. Meza ya Mwalimu imeondolewa, pamewekwa rafu ya feni. Muuzaji mpya alinipokea vizuri, nikamuuliza nani sasa anageuza vipimo. "Mzee, siku hizi kila kitu kimeandikwa kwenye boksi," akasema. Alisema kwa upole, na huenda ni kweli.

Kugeuza kitu ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kukirudisha na kukagua, na ni bora uifanye kabla chombo hakijaondoka, maana baada ya hapo kinachobaki ni kukaa ofisini mwa mtu ukisikiliza mikwaruzo. Mke wangu anavuka tena kesho. Redio ya boti imefanyiwa matengenezo wiki hii. Nimemuuliza nahodha kama imejaribiwa, akacheka. Basi nitakwenda gatini mwenyewe, na sitawaacha wang'oe nanga mpaka nimsikie mtu wa upande wa pili akijibu.