Maneno Yasiyopewa Jina

Mzee Muthamia alikuwa anaongea, binti yake Karwirwa anapiga taipu, na huko nje mawingu yalikuwa yameuficha mlima wote.

Walikuwa katika ofisi ya kanisa, si mbali na Kanyakine, huko Meru. Mzee alikaa kwenye kiti cha wageni amejifunga leso shingoni, na kila alipomeza mate alishika koo kwa mkono. Kesho yake alikuwa anakwenda kupasuliwa. Daktari hakumficha. Alimwambia uvimbe umeshikamana na sauti, na wakitoa kimoja wanatoa vyote viwili. Atakula, atapumua, Mungu akipenda ataishi, lakini kuongea basi. Na mzee hakuwahi kukanyaga darasani. Karatasi ya serikali ikija aliweka kidole gumba. Kwa hiyo lolote alilotaka kuwaachia watoto wake, ilikuwa ni alasiri ile au basi tena.

Karwirwa alikuwa karani wa kanisa tangu ujana wake. Alijifunza taipureta Meru mjini baada ya darasa la saba, na aliijua ile mashine kama mtu anavyolijua jembe lake. Aliyemfundisha alikuwa mkali. Alimfunika macho kwa kitambaa na kumwambia, "Wewe usifikiri. Sikia, piga. Ukianza kufikiria maana utakosea." Naye akawa hivyo. Akisomewa barua, vidole vilisikia vyenyewe. Ukimuuliza baadaye barua ilisema nini, anakwambia ngoja niisome kwanza.

Krismasi iliyopita wafadhili waliletea kanisa kompyuta. Taipureta ikawekwa chini ya meza, ikafunikwa gunia. Karwirwa aliiogopa hiyo kompyuta mwanzoni, halafu akaizoea. Kazi yake ilikuwa moja: matangazo ya Jumapili. Alifungua ya wiki iliyopita, akafuta tarehe, akabadilisha majina ya wagonjwa na wa kuoana, akabonyeza pale pa kuhifadhi, akachapisha. Hakuna siku mashine ilimuuliza swali.

Lakini alasiri hii alikuwa amefungua ukurasa mpya, mweupe kabisa, wa baba yake.

Mzee alisema mengi. Alisema alivyolelewa, alivyomwoa mama yao, walivyochimba mashimo ya kahawa wakiwa wawili tu, mama akiwa na mimba ya Kinoti. Sauti ilikuwa inakwaruza kama mtu anayekokota mbao. Alipofika kwa watoto akawataja mmoja mmoja. Mwisho akashika koo, akasema, "Na wewe Kinoti."

Karwirwa alihisi machozi yanakuja. Kinoti alikuwa mdogo wake. Miaka mingi nyuma, mama yao akiwa kaburini hata mwaka haujaisha, bei ya kahawa ikaanguka, na siku mzee ameenda mkutano wa kanisa Kinoti aling'oa ile kahawa yote ili apande mahindi. Mzee aliporudi akakuta mashina yamelala mizizi juu. Alimwambia aondoke. Kinoti akaenda mji wa Maua kufunga mafungu ya miraa, na tangu hapo hakurudi nyumbani, hata Krismasi.

Sasa mzee alikuwa anamtaja kwa kinywa chake, na vidole vya Karwirwa vilikimbia. Macho yalikuwa dirishani, kwa maana radi ilikuwa imeanza kuunguruma. Moyo ulikuwa unasema asante Yesu, asante Yesu. Mzee akamaliza.

"Umeandika?"

"Nimeandika yote, Baba."

Akabonyeza pa kuhifadhi. Kikatokea kisanduku ambacho hajawahi kukiona, kinauliza: jina? Karwirwa akabaki anakitazama. Ayaite nini maneno ya baba yake? Na hapo hapo radi ikapiga kama imepiga paa lenyewe. Ninyi mliozaliwa huku mnajua tulivyofunzwa. Mvua ya radi ikianza, kioo cha ukutani kinafunikwa, sufuria hazishikwi, na kila kitu kilicho kwenye umeme kinachomolewa bila kujadiliana. Karwirwa akaruka, akashika waya, akachomoa.

Hakuona ubaya wowote. Alikuwa ameshabonyeza. Jina litakuja. Hata mtoto huzaliwa kwanza, jina akapewa baadaye, na hakuna anayesema mtoto hayupo.

Jioni akampigia Kinoti.

"Baba amekusemea neno."

"Neno gani?"

"Zuri. Amekulainikia, Kinoti."

"Wewe ndiye unasema. Karwirwa, wewe tangu utoto unapaka kila kitu mafuta. Ulikuwa unaniambia amekula chakula nilicholeta, kumbe amempa mbwa."

"Nimeliandika jinsi alivyolisema. Liko kwa kompyuta."

Kinoti akasema, "Basi nitakuja hospitali Jumapili. Nitasoma kwa macho yangu kabla sijaingia. Kama si maneno yake, narudi Maua. Na usinipigie tena habari za huyo mzee mpaka siku ya kuzika."

Mzee alipasuliwa. Alitoka akiwa hai, na tundu dogo chini ya shingo linalopiga mluzi anapopumua. Karwirwa alikaa naye mpaka alipofungua macho, halafu akarudi ofisini kuchapisha karatasi ya Kinoti.

Akawasha. Akafungua ile programu ya kuandikia. Upande wa kushoto kikajitokeza kiorodha chenye maneno ya ajabu na namba, kitu ambacho hakukiweka yeye. Akakichukulia kuwa ni uchafu wa ile radi. Akakifunga, kama mtu anavyofagia majani mlangoni.

Ukurasa ukabaki mweupe.

Akatafuta. Akafungua matangazo, akayapitia juu mpaka chini. Akazima, akawasha. Akafungua vitu ambavyo hakuwahi kuvifungua. Akaita, "Baba," kwa sauti, peke yake chumbani. Akapiga magoti kwenye sakafu ya simiti, lakini maombi hayakutoka. Kila alipoanza kumwambia Mungu kilichopotea, aligundua hawezi kukisema. Mzee alimwambia nini Kinoti? Alikumbuka radi. Alikumbuka alivyokuwa anashukuru. Maneno yenyewe yalipita vidoleni kama maji yanavyopita kwenye mfereji, na mfereji haubaki na kitu.

Mchungaji alipomkuta pale chini hakumlaumu. Alimsaidia kuchomoa lile sanduku la kompyuta, Karwirwa akalizungushia blanketi, akalipakata mpaka Meru mjini kama anayepeleka mtoto kliniki.

Karibu na uwanja wa Kinoru kulikuwa na mama mmoja anaitwa Makandi, ana duka la kuchapisha na kutengeneza kompyuta. Mdomo wake ulijulikana.

"Mama Kiende! Umeniletea maiti ama mgonjwa?" alimwita Karwirwa kwa jina la mwanawe, kama ilivyo desturi.

"Makandi, usinicheke leo."

Makandi akamtazama usoni, akaacha kucheka. Akaunganisha waya huku akiuliza. "Uligusa nini? Na usiniambie hukugusa kitu, kila mtu akija hapa hajagusa kitu."

Karwirwa akaeleza yote, mpaka kile kisanduku cha jina.

"Na ukayapa jina gani maneno hayo?"

"Sikuyapa. Radi ilipiga."

"Haya. Sikiliza, mama. Kitu kisicho na jina mashine haijakiweka. Bado imekishika mkononi tu, na wewe ukaukata mkono. Jina si mapambo. Wewe jina unaanza nalo kabla hujaandika hata mstari mmoja. Kiite *Baba*, kiite *Viazi*, utabadilisha baadaye. Kisha kila ukimaliza aya, unashika hii *Control* na *S*. Kila aya. Kama vile unavyopumua."

"Hakuna aliyeniambia."

"Nani angekuambia? Ulikuwa unatembea na matangazo ya zamani kila wiki, hayo yalishapewa jina na aliyekufundisha kompyuta hii." Makandi akasogeza kipanya. "Na kile kiorodha cha kushoto?"

"Nilikifunga. Nilidhani ni uchafu."

"Uui, Mama Kiende! Huo ndio mashine ilikuwa inakurudishia! Inakwambia, pole, umeme ulikatika, hizi hapa nilizookota. Kitu usichokijua usikifunge. Kisome kwanza. Hata kama ni Kizungu, soma polepole ama uite mtu."

Karwirwa alifunika uso kwa leso. Makandi aliingia pale pa kufungua kazi, akashuka mpaka chini kabisa, mahali Karwirwa hakuwahi kufika, akabonyeza kimstari kinachosema kazi ambazo hazikuhifadhiwa.

"Hizi mashine huzitunza siku chache tu halafu inazitupa," alisema. "Omba."

Karwirwa aliomba. Na ukurasa ukafunguka.

Baba yake alikuwa mle ndani. Utoto wake, mama yao, mashimo ya kahawa. Karwirwa alicheka na kulia pamoja, akamshika Makandi bega. Wakashuka ukurasa baada ya ukurasa, watoto wakatajwa mmoja mmoja, mpaka mstari wa mwisho.

*Na wewe Kinoti*

Chini yake palikuwa peupe.

"Shuka," Karwirwa alisema.

"Hakuna pa kushuka, mama. Mashine hujihifadhia yenyewe kila baada ya muda. Ulichoandika baada ya hapo haikuwahi kukishika."

"Tafuta tena."

Makandi alitafuta. Alitafuta kwa kweli, akawafukuza wateja wawili waliotaka kuchapisha. Mwishowe akaegemea kiti. "Andika wewe. Ulikuwepo. Weka maneno mazuri mawili, matatu. Nani atajua?"

Karwirwa aliweka vidole juu ya kibodi. Vilitulia tu pale, havikusikia mtu. Hata kama angetunga, Kinoti angenusa mafuta kutoka mbali. Na mbele za Mungu, hiyo ingekuwa sauti ya nani? Akaondoa mikono. Akaomba zichapishwe kurasa zilivyo.

Jumapili Kinoti alikuja. Alikuwa amezeeka, meno yamekuwa ya kahawia kwa miraa, koti la mvua mkononi. Alikataa kuingia wodini. Alisimama kwenye korido akasoma, midomo ikitembea. Kwenye mashimo ya kahawa, pale mama ana mimba yake, alisimama muda mrefu. Kisha akafika mwisho. Akageuza karatasi nyuma.

"Iko wapi?"

"Ilipotea. Nilichomoa umeme kwa sababu ya radi. Kosa ni langu."

"Radi." Kinoti aliikunja karatasi. "Yote yamebaki, langu peke yake ndilo limepigwa na radi."

"Kinoti, Mungu ananiona."

"Haya niambie kwa mdomo. Alisema nini?"

Karwirwa akafungua kinywa, akakosa. Akaona mdogo wake anavaa koti. Hapo akamshika mkono kwa nguvu ambayo hakujua anayo. "Masikio ya Baba hayajakatwa. Ingia. Mimi nitasema ninavyodhani, na yeye mwenyewe akubali au akatae. Usiniamini mimi. Mtazame yeye."

Wakaingia. Mzee alikuwa ameegemezwa mito, lile tundu linapiga mluzi. Alipomwona Kinoti macho yalikaa kwake, hayakutoka.

Karwirwa akainama. "Baba, yale maneno ya Kinoti yalipotea. Nisaidie. Ulisema, 'Kinoti mwanangu, nimekusamehe yote.'"

Mzee akatikisa kichwa. Hapana.

"Unaona?" Kinoti alisema, na kicheko chake kilikuwa kikavu.

"Ngoja. Ulisema, 'Mambo ya kahawa yameisha, tusahau.'"

Mzee akapiga godoro kwa kiganja. Hapana. Akapiga tena, na mluzi ukawa mkali, mpaka nesi akageuka kutazama. Karwirwa hakuwa na neno lingine. Yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kupaka mafuta, na mzee alikuwa anayakataa moja moja mbele ya yule aliyehitaji kuyasikia. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda akalia bila kujificha.

Kinoti alikuwa amefika mlangoni. Lakini hakutoka. Alikuwa anautazama ule mkono ulio juu ya godoro.

"Ulisema bado inakuuma," alisema.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kwa nguvu.

"Kahawa ya Mama."

Akaitikia tena, na machozi yakamtoka mzee, yakashuka mpaka kwenye bandeji.

"Sasa hayo ndiyo maneno yake," Kinoti alisema polepole, kama anajiambia mwenyewe. "Huyu ndiye ninamjua." Akamtazama mzee usoni. "Ulisema nisije?"

Kichwa cha mzee kilitulia. Kisha kikatikisika, hapana. Akainua mkono kwa shida, kiganja kimetazama chini, na vidole vikaanza kuvuta hewa kuelekea kwake, jinsi mtu anavyomwita mtoto aliye ng'ambo ya shamba.

Karwirwa alisikia kitu kikirudi kutoka mbali, sauti ile inayokwaruza, nyuma ya radi: bado inauma, njoo hivyo hivyo. Alitaka kulisema neno hilo, na tayari lilikuwa linamlainikia ulimini. Akafunga kinywa.

Kinoti alisogea mpaka miguuni pa kitanda. "Nimefika, Baba."

Mkono ukaendelea kuita. Akasogea tena, mpaka magoti yake yakagusa chuma cha kitanda, na bado mkono haukuacha kuita.