Vifungo Viwili vya Ndama wa Majani

Wanamwita Bi Shazia, kwa sababu ya shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, ambayo kwa miaka thelathini na moja haijakosekana kwenye ukosi wa gauni lake. Ana kazi mbili, na zote anazifanyia katika chumba kimoja chenye dirisha moja, upande wa nyuma wa nyumba. Ya kwanza inajulikana na watoto: anashona ng'ombe, mbuzi na punda wa kuchezea kwa vipande vya ngozi na matambara. Ya pili inajulikana na wafugaji, nao hawaizungumzii wakati wa chakula.

Ng'ombe aliyefiwa na ndama hubana maziwa. Unaweza kumkanda kiwele kwa maji ya moto, ukamwimbia, ukambembeleza kama bibi harusi, hatoi. Hapo ngozi ya ndama huletwa kwa Bi Shazia siku ileile. Huikwangua, huipaka chumvi na majivu, huianika kivulini siku mbili, kisha huishona, huijaza nyasi kavu na kuipa miguu minne ya fito. Huyo ndiye ndama wa majani. Akisimamishwa mbele ya mama yake, mama humnusa, huilamba ile chumvi, na maziwa hushuka.

Kuna jambo moja ambalo Bi Shazia halikiuki. Kope za ndama wa majani huzishona zikafungwa. Wanyama wa kuchezea huwawekea vifungo vya nguo kuwa macho, kwa maana mtoto hachezi na kitu kisichomtazama. Ng'ombe anataka harufu tu.

"Mama wa watu ameshafiwa," huwaambia wanaomuuliza. "Unataka na maiti imtazame?"

Mwaka huu mdogo wake wa mwisho, mjane anayeishi mtaa wa pili, alikuja Jumatatu asubuhi na ngozi mbichi ndani ya beseni. Ilikuwa ya ndama wa Mwanana, ng'ombe wake wa pekee, aliyekuwa akilisha nyumba ile kwa maziwa ya wateja kumi na wanne. Ndama alikuwa ameishi siku tatu.

"Dada, mwenye bucha ameshakuja kumpapasa mgongo."

"Kampapasa nani, wewe au ng'ombe?"

"Sitanii mwenzio. Kasema Jumamosi anarudi na kamba. Mwanana asiposhusha maziwa, mimi nitamlisha wa nini? Na akienda yule, dada, nimekwisha."

Bi Shazia aliacha utani, akapokea beseni.

Wiki hiyo alikuwa na kazi nyingine mezani. Mwalimu wa chekechea alikuwa ameagiza ng'ombe ishirini wa kuchezea, na vifungo arobaini vya makoti ya zamani vilikuwa tayari ndani ya kopo. Jicho la kushoto la Bi Shazia lina mtoto wa jicho; la kulia linamsaidia mpaka saa kumi hivi, mwanga ukipungua linaacha kazi. Baada ya hapo hushona kwa vidole. Alhamisi jioni alikuwa anabadilisha mikono kati ya ng'ombe wadogo na ndama wa Mwanana, mara huyu, mara yule, akizungumza na redio.

Ijumaa asubuhi walimbeba ndama wa majani, mmoja kichwani, mwingine mkiani, kama wanaohamisha kochi. Walipomsimamisha bandani ndipo mdogo mtu alipocheka.

"Kumbe siku hizi unawatia na macho!"

Bi Shazia alisogea, akapapasa uso. Vifungo viwili vyeusi vya koti, vimekazwa juu ya kope kwa uzi wake mwenyewe, fundo lake mwenyewe. Hakukumbuka kuvishona.

"Nipe wembe," alisema.

"Wembe wa nini? Tazama! Dada, usimguse!"

Mwanana alikuwa ameshafika. Hakunusa. Miaka yote hiyo Bi Shazia hajaona ng'ombe asiyeanza kwa kunusa. Alisimama ana kwa ana na ndama wa majani, akamtazama, na maziwa yakaanza kudondoka kabla ya mkono wa mtu kugusa chuchu. Ndoo ikajaa. Ikaletwa sufuria.

Jumamosi mwenye bucha alikuja na kamba yake, akaonyeshwa ndoo, akatikisa kichwa.

"Huyu naye kadanganywa na godoro," alisema, akaenda zake.

Bi Shazia alisema vifungo vitolewe hata hivyo. Mdogo wake akamwambia, kwa heshima zote, aache kutafuta balaa kwenye heri. Kwa siku nne hawakulizungumza tena.

Siku ya tano mdogo mtu alikuja amejifunga kanga vibaya, kama aliyetoka nyumbani mbio.

"Dada, wewe ulipita kwangu leo ukamsogeza yule ndama?"

"Mimi nimsogeze nimpeleke wapi?"

"Namwacha ukutani. Nikifungua banda asubuhi namkuta amesogea hatua moja kuelekea hori la majani. Jana hatua moja. Leo hatua moja."

"Ng'ombe anamsukuma kwa ulimi. Ana uzito gani? Nyasi na fito."

"Mbebe basi uone."

Alikwenda, akambeba, au tuseme alijaribu. Nyasi zilizolambwa siku tano hunywa mate na kuvimba. Hilo Bi Shazia analijua kuliko mtu yeyote. Lakini hajawahi kumuacha ndama wa majani chini kwa sababu mikono imeshindwa.

Ila hilo halikumtisha kama hori. Mwanana alikuwa hali chochote. Majani mabichi aliyokatiwa alfajiri alikuwa ameyasukuma kwa pua, kidogo kidogo, mpaka yakawa rundo mbele ya mdomo wa ndama. Yeye amesimama pembeni, anamtazama usoni, anangoja ale kwanza. Maziwa yalikuwa yaleyale, ndoo na sufuria. Mbavu zake zilikuwa zimeanza kuhesabika.

"Anakamuliwa uhai," Bi Shazia alisema. "Wiki moja zaidi na mwenye bucha hatamtaka hata bure. Mtoe nje umfunge upande ule. Na sasa hivi unanipa wembe."

Safari hii mdogo wake hakubisha.

Ilikuwa saa sita mchana na jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya banda. Bi Shazia alipiga magoti, akavaa miwani, akakata uzi wa kifungo cha kwanza. Chini yake kope ilikuwa imefungwa kama alivyoifunga, mishono saba. Akahamia cha pili. Huo ulikuwa upande wa jicho lake bovu, kwa hiyo alifuata uzi kwa kidole gumba. Kifungo kiliachia. Kope iliyokuwa chini yake ilikuwa ya moto, na imelowa. Aliondoa kidole haraka.

Jua limepiga hapa, alijiambia. Na ng'ombe kalamba.

Hakugusa mara ya pili kuhakikisha.

Nyuma yake, nje ya mlango wa banda, Mwanana aliguna. Haukuwa mlio wa maumivu wala wa njaa. Ulikuwa ule mguno wa chini, wa kooni, ambao ng'ombe humwitia ndama aliyezaliwa saa hiyohiyo. Bi Shazia aligeuka. Mwanana hakuwa akimtazama ndama wa majani. Alikuwa akitazama ngumi yake yeye, iliyofumbata vifungo. Bi Shazia akavitia kwenye mfuko wa aproni, na ng'ombe akashusha kichwa.

Alasiri hiyo Mwanana alikula. Alikula mpaka akalamba mbao za hori. Maziwa yalishuka hadi nusu ya ndoo na yakabaki hapo, kama ng'ombe yeyote mwenye ndama wa majani asiye na macho. Mdogo mtu alipunguza wateja watatu na akashukuru. Ndama hakusogea tena. Baada ya wiki mbili alikuwa mwepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja.

Mwalimu wa chekechea alikuja kuchukua mzigo wake, akawapanga ng'ombe mezani wawiliwawili.

"Bi Shazia, huyu wa ishirini mbona kipofu?"

"Si kipofu, mwalimu. Amelala."

"Watoto wataniuliza anaamka lini."

"Waambie wasimwamshe."

Mwalimu alicheka, akawatia wote kwenye kikapu. Bi Shazia alimsindikiza hadi mlangoni, kisha akaivua aproni na kuitundika nyuma ya mlango, kwa sababu alikuwa amechoka, hakutaka kushona kwa muda.

Mwezi ulipita. Asubuhi moja aliivaa tena aproni ile, akapita kwa mdogo wake kuchukua maziwa ya chai. Mwanana alikuwa amekwisha kukamuliwa na alikuwa akirudi kutoka kunywa maji, amenenepa, ngozi inang'aa. Aliposikia hatua alisimama. Kisha akaja moja kwa moja, akaweka pua kwenye mfuko wa aproni, akaanza kuulamba.

"Eh, shangazi yako leo umemkumbuka!" mdogo mtu alimwambia ng'ombe, akicheka. Halafu akaacha kucheka. Maziwa yalikuwa yakidondoka vumbini, kutoka chuchu zote nne, bila mkono wa mtu. "Dada, una nini mfukoni?"

Bi Shazia aliinua mikono yote miwili juu, mbali na mfuko.

"Chumvi," alisema.

Akabaki amesimama vilevile, bila kusogea, mpaka kiwele kikaisha maziwa.