Deki ya CD Isiyotoa Sauti

Nilipochoka na kaseti, nilinunua Kariakoo deki ya CD iliyokuwa rahisi kuliko zote dukani. Nyumbani Ilala, mbele ya baba mkwe niliyemwalika, diski ilizunguka lakini sauti haikutoka.

Kesho yake nilimrudishia deki muuzaji, mzee wa Kihindi, nikamwita tapeli mbele ya wateja. Watu wakajaa mlangoni, mmoja akamkaba ukosi. Mzee, akiwa bado ameshikwa, akaiunganisha deki na kiboksi kidogo, kisha na redio yake. Muziki ukajaa duka zima.

“Kijana, deki hii inasoma CD tu,” akasema. “Kinachogeuza ilichosoma kuwa sauti ni kiboksi hiki, kinachouzwa kando. Nilikueleza, ukasema unacho.”

Kweli nilisema hivyo, nisionekane mshamba. Yule jamaa akamwachia mzee, akanigeukia mimi.