Mama Niliyemleta Rosettenville

Mkono wa mama ulikuwa umetokeza kati ya nondo za dirisha, unatafuta kitu cha kushika. Nyumba inawaka, mimi niko nje ya lango, ninalivuta, na lango limefungwa kwa kufuli. Ilikuwa asubuhi kweupe, jua la baridi, watu wamejaa barabarani. Mwenye ufunguo alikuwa dukani kwake Fordsburg. Nilipompigia simu akasema, "Ninakuja, mama, tulia." Nikapanda ukuta, nikarukia ndani, nikashika zile nondo zikiwa za moto. Vidole vya mkono wangu wa kuume havikunjiki tena, na mimi ni mshonaji. Mkono wa mama niliugusa. Halafu ukarudi ndani.

Wamama wenzake wawili walitolewa kwa tundu ambalo vijana wa mtaa walilitoboa ukutani. Chumba cha mama kilikuwa cha mwisho.

Kanisani wanapenda kusema ni mapenzi ya Mungu. Basi niseme tulifikaje pale.

Mimi vita vilinikatizia shule Uvira, Kongo, nikiwa darasa la nne. Nilikimbia, mama akabaki. Miaka mingi baadaye, nilipopata karatasi za kuishi hapa Afrika Kusini, mwanasheria mmoja wa Braamfontein akaniambia mtoto anaweza kumdhamini mzazi wake, amlete, aishi naye. Ila nisaini kwamba nitamlisha na kumpa pa kulala. Nilisaini. Nani angekataa kumlaza mama yake?

Mwanasheria hakuuliza kama nina mume, na kama mume wangu na mama yangu watakaa chumba kimoja. Kwetu hilo halifanyiki. Mama mkwe hali mbele ya mkwewe, hapiti alipolala, hata shati lake lililoanikwa analizunguka. Na sisi tulikuwa na chumba kimoja, pazia katikati.

Mume wangu ni mlinzi, anafanya kazi usiku, analala mchana. Kwa hiyo kila asubuhi, akisikika tu anakohoa kwenye ngazi, mama alijifunika kitenge akatoka, akaenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya geti mpaka jioni. Baridi ya Johannesburg haina adabu kwa wazee. Majirani walimpa chai, wakaniuliza huyu gogo, yaani bibi, amewakosea nini. Nilimwomba mume wangu, kwa muda tu, akalale kwa walinzi wenzake. Akacheka.

"Mama yako ananilinda mimi au analinda geti? Mwambie aombe unifomu."

Yeye ni wa kwanza katika hesabu yangu ya wa kulaumiwa.

Wa pili ni shemasi wetu. Alimkuta mama pale nje, akasikitika sana, akasema kwenye nyumba anayopanga kuna vyumba vya wamama wazee wa kanisa, mtaa wa tatu tu kutoka kwetu. Mama alifurahi. Mimi nilipoingia nikaona vyumba vimekatwa kwa mbao nyembamba, nyaya zinaning'inia kama kamba za nguo. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, na yeye ni wa tatu. Kila dirisha alilitia nondo, mlango wa nyuma akauziba kwa matofali apate chumba kimoja zaidi.

Shemasi akienda dukani kwake Fordsburg alifunga lango kwa nje, ufunguo akaondoka nao. Alisema ni kwa sababu ya wale wanaopita wakiwafukuza wageni. Lakini wamama walijua. Aliogopa wakaguzi wa jiji wasione wamo wangapi mle.

Siku moja mama akaniambia, "Ukuta wa kwangu una homa." Nikadhani ni maneno ya uzee. Akanishika mkono, akauweka pale karibu na kitanda. Ulikuwa moto, na harufu ya plastiki inatoka ndani yake.

"Umemwambia Papa shemasi?"

"Nilimwambia. Aliweka mkono akauombea." Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Haukupona."

Sikucheka. Siku hiyohiyo nilimfuata shemasi, akasema mwenye nyumba ameahidi fundi. Nikampigia mwenye nyumba, akasema shemasi hajamwambia lolote. Nikaanza kutafuta chumba kingine. Mshonaji mwenzangu alikuwa na nafasi, anahama mwisho wa wiki. Nilimwambia mama afunge vitu vyake. Umeme ulikuwa unakatwa na kurudi, na kila ukirudi, mama alisema, ukuta unalia taratibu, kama sufuria kabla ya kuchemka.

Wiki haikufika mwisho.

Kwenye mazishi shemasi alisimama mbele, akahubiri kwamba Bwana alimwita mtumishi wake. Mume wangu akaitikia amina. Baadaye ikasemwa kwamba ufunguo mmoja shemasi alikuwa amemwachia jirani. Nimegonga kila mlango wa mtaa ule, mkono ukiwa bado umefungwa bandeji. Hakuna aliyewahi kuushika.

Sasa wananiambia nisamehe, nisiliaibishe kanisa mbele ya wenyeji. Jina lako silitaji hapa, Papa shemasi, kila anayesali nasi anakujua. Jumapili nitakuwa benchi la mbele. Usinisomee Zaburi. Niambie jirani huyo ni nani, na kama hayupo, waambie watu kwa kinywa chako: wazee wa watu uliwafungia kwa idhini ya nani?